Kifungu cha Ufahamu na Msamiati wa Juu wa Kiingereza Mpakani: Tunduma na Nchi ya Songwe tangu 1890

Mpaka unaopita kati ya Tunduma na Nakonde ulikubaliwa mezani tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani, ukapimwa ardhini na tume ya pamoja mwaka 1898. Wanyamwanga waliokuwa wakiishi pande zote mbili za mstari huo hawakuulizwa. Kwa muda wa kizazi kimoja tu, watoto wa ukoo mmoja walijikuta wakisoma kwa lugha mbalimbali: wa kusini walikutana na Kiingereza, wa kaskazini walikutana na Kiswahili. Makala hii inafuatilia historia ya jambo dogo lililozaliwa na tofauti hiyo, nalo ni namna msamiati mgumu wa Kiingereza ulivyofundishwa kwa njia ya vifungu vya kusoma katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa Mkoa wa Songwe, na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Hoja inayotetewa ni kwamba kifungu cha ufahamu kilianza kikiwa chombo cha kujifunzia maneno, kikageuzwa taratibu kuwa chombo cha kupimia, na kwamba mabadiliko hayo yanaeleza sehemu kubwa ya kile ambacho kwa kawaida hulaumiwa kuwa ni uvivu wa wanafunzi kusoma.

Mwenzo na Mbozi

Upande wa kusini, wamisionari wa Kanisa Huru la Scotland, tawi la Livingstonia, walifungua kituo cha Mwenzo miongoni mwa Wanyamwanga katikati ya miaka ya 1890, mwendo mfupi kutoka palipo Tunduma ya leo. Vijana hodari wa Mwenzo walipelekwa kusoma katika Taasisi ya Overtoun huko Khondowe, juu ya Ziwa Nyasa, iliyoanzishwa mwaka 1894 chini ya Robert Laws. Laws aliamini kwamba Mwafrika aliyesoma apewe Kiingereza kamili, si cha kupokelea amri tu. Masomo ya juu ya Overtoun yalitolewa kwa lugha hiyo.

Matunda yake yalionekana mapema. Mwaka 1912 walimu wa misheni, miongoni mwao Donald Siwale na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, waliunda Chama cha Ustawi cha Mwenzo, kwa kufuata mfano wa chama kilichokuwa kimeanzishwa mwaka huohuo upande wa Nyasa Kaskazini. Vita vilikisimamisha, kikafufuliwa mwaka 1923. Mtafiti wa historia ya siasa hukitaja chama hiki kama mzizi wa harakati za uhuru wa Zambia. Mtafiti wa historia ya lugha ana sababu nyingine ya kukitazama. Watu hawa walikuwa wakizungumza na serikali kwa Kiingereza cha maandishi, katika mambo ya kodi, kazi na sheria, ambayo hayana maneno mepesi. Mtu hawezi kubishana na bwana shauri juu ya kodi kwa maneno ya sokoni. Sharti awe na maneno ya kupunguza makali, ya kuweka sharti, ya kukubali nusu na kukataa nusu. Maneno ya aina hiyo hayafundishwi kwa orodha. Hupatikana kwa aliyepita katika kurasa nyingi zilizoshikamana, sura baada ya sura, hadi neno lilelile likamrudia katika mazingira kumi tofauti. Biblia peke yake, kwa urefu wake, ilitosha kumpitisha msomaji katika kurasa za namna hiyo.

Upande wa kaskazini mambo yalikuwa mengine. Wamoraviani wa Ujerumani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Traugott Bachmann, aliyedumu hapo hadi wakati wa vita, aliingia ndani ya lugha ya Wanyiha kuliko wengi wa wenzake, na Agano Jipya la Kinyiha likachapwa mwaka 1913. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa imekifanya Kiswahili lugha ya utawala na ya shule zake. Kwa hiyo Mnyiha au Mnyamwanga wa kaskazini aliyejua kusoma mwaka 1914 alisoma lugha yake au Kiswahili. Mei 1916 jeshi la Uingereza chini ya Edward Northey lilipouvuka mpaka huo, liliingia katika nchi yenye wasomi lakini isiyo na wasomaji wa Kiingereza. Haishangazi kwamba utawala mpya uliajiri makarani kutoka Nyasa na kwingineko waliokuwa tayari na lugha hiyo. Kwa wenyeji wa Mbozi, Kiingereza hakikuja kwanza kama kitabu; kilikuja kama mgeni mwenye kalamu ofisini.

Neno moja katika hamsini

Chini ya Waingereza, Tanganyika ilishika mpangilio ambao umbo lake bado linaonekana: Kiswahili katika madarasa ya chini, Kiingereza kama somo katika madarasa ya kati, kisha Kiingereza kama lugha ya kufundishia kwa wachache waliofika juu. Kwa Nyanda za Juu Kusini, wachache hao walikwenda mbali. Shule kuu ya serikali katika ukanda huo, Malangali, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford, na kutoka Mbozi au Ileje hiyo ilikuwa safari ya siku nyingi.

Katika miaka hiyohiyo, mbali sana na Malangali, swali la vifungu na maneno lilikuwa likipata jibu lake la kwanza la kisayansi. Michael West, ofisa wa elimu huko Bengal katika India ya Waingereza, aliona kwamba watoto waliokuwa wakifundishwa Kiingereza kwa miaka hawawezi kusoma kitabu. Alipovichunguza vitabu vyao alikuta vinamwaga maneno mapya kwa wingi kiasi kwamba msomaji hana pa kusimama. Dawa yake ilikuwa mbili. Kwanza, maneno yachaguliwe kwa manufaa yake, ya kawaida yatangulie. Pili, yatawanywe: neno jipya moja katika kila maneno hamsini hivi, na likishaingia lirudiwe mara kwa mara hadi likae. Vitabu vyake vya New Method vilivyochapwa na Longmans vilienea katika makoloni ya Asia na Afrika, na orodha yake ya maneno ya msingi takriban 2,000, iliyotoka mwaka 1953, bado ni kipimo kinachotumiwa na waandishi wa vitabu vya kiada.

Kanuni hiyo ya pili ndiyo yenye uzito kwa makala hii, nayo imethibitika kwa njia ambayo West mwenyewe hakuitarajia. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walichunguza ni sehemu gani ya maneno ya matini ambayo msomaji sharti awe anaijua ili aelewe bila msaada. Jibu lao lilikuwa karibu asilimia 98, yaani neno geni lisizidi moja katika hamsini. Baadaye Nation alikadiria kwamba ili kukifikia kiwango hicho katika matini ya kawaida isiyorahisishwa, kama riwaya au gazeti, msomaji anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Namba ya mwalimu wa Bengal wa miaka ya 1920 na namba ya wataalamu wa takwimu wa mwaka 2000 ni ileile. Inafaa kuikumbuka hiyo hamsini, kwa sababu kila kilichofuata katika shule za Songwe kinaweza kupimwa nayo.

Mtihani wa Cambridge, ambao ndio uliokuwa mlango wa kazi za juu wakati wa ukoloni, haukuhitaji kanuni hiyo. Mtihani unataka kutenganisha watu, na kwa kutenganisha, kifungu kigumu ni bora kuliko chepesi. Kwa hiyo ukatokea umbo lililo maarufu kwa kila aliyepita sekondari: aya tatu au nne zilizokatwa kutoka kitabu ambacho mwanafunzi hajakiona na hatakiona, maneno kadhaa yaliyopigiwa mstari ili yaelezwe maana kama yalivyotumika, maswali, kisha ufupisho. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kusoma vitabu kumi na viwili nje ya darasa, umbo hilo ni kipimo cha haki. Kwa asiyesoma kitu kingine, kifungu hicho huwa ndicho kipimo na ndicho chakula, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1967, pamoja na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali. Kwa mtoto wa Mbozi, aliyetoka nyumbani na Kinyiha, Kinyamwanga au, huko Ileje, Kindali, uamuzi huo ulikuwa na maana tofauti na aliyokuwa nayo mtoto wa pwani. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kujifunza. Hata hivyo ni lugha aliyoisikia barabarani, redioni na sokoni, na aliimudu. Kiingereza kilibaki somo la vipindi vichache kwa wiki, halafu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza kikageuka ghafla kuwa lugha ya historia, ya biolojia na ya hesabu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda Baraza la Mitihani la Taifa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtihani ukawa wa kitaifa, waandishi wa Kiafrika wakaingia katika fasihi, lakini kifungu cha ufahamu kilibaki na umbo lake la Cambridge karibu bila kuguswa.

Ng'ambo ya mpaka, Zambia ilikwenda njia iliyopinda upande wa pili. Sheria ya elimu ya mwaka 1966 ilikifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika miaka ya reli, kati ya 1970 na 1975, Wachina, Watanzania na Wazambia walipokuwa wakilaza mataruma kupitia Tunduma, Mnyamwanga wa Nakonde na Mnyamwanga wa Tunduma wangeweza kupatana bei ya mahindi kwa lugha ya mama zao, lakini barua mmoja aliandika kwa Kiingereza na mwingine kwa Kiswahili. Haifai kuharakisha kusema nani alipata faida. Zambia yenyewe ilibadili msimamo, na tangu mwaka 2014 madarasa manne ya kwanza yakaanza kufundishwa kwa lugha za Kizambia zilizoidhinishwa, ambayo kwa Mkoa wa Muchinga ni Kibemba. Mtoto wa Nakonde naye akajikuta na lugha ya shule isiyo ya mama yake.

Kiwango cha shida upande wa Tanzania kilitajwa kwa namba mwaka 1984. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari. Serikali haikukubali. Badala yake walikuja wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakawapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Walikuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Hata chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi miongoni mwa vile walivyotakiwa kuvisoma. Jambo la ajabu ni kwamba ripoti iliyoyasema hayo ilishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na Mwalimu Nyerere, mwaka huohuo, alikiita Kiswahili cha dunia. Mjadala uliofuata, wa Rubagumya, wa Roy-Campbell na Qorro, wa Brock-Utne na wengine, umehusu zaidi lugha ipi itumike. Ni mjadala wa haki na bado haujaisha. Ila ulifunika swali la karibu zaidi: mwanafunzi aliyeko darasani leo, sera yoyote iwayo, anapataje maneno?

Matokeo ya 1984 yana tafsiri rahisi yakipimwa kwa ile hamsini. Chukua sentensi ya mfano, ya aina inayopatikana katika kifungu cha kidato cha tatu: “The trader was reluctant to declare his goods, for he feared that the levy would exceed his profit.” Ina maneno 18. Mwanafunzi asiyejua “reluctant”, “declare”, “levy” na “exceed” anakutana na neno geni katika kila maneno manne au matano. Mwalimu humwambia akisie maana kutokana na muktadha, shauri ambalo vitabu vyote vya mbinu hulitoa. Lakini muktadha wenyewe umejengwa kwa maneno hayohayo asiyoyajua, kama mtu aliyeambiwa apande ngazi isiyo na vidato. Na kuna la kuzidi. Hata kama mwalimu ataandika maana za maneno yote manne ubaoni, hakuna hata moja litakalorudi katika kifungu cha wiki ijayo, kwa kuwa kifungu hicho kitahusu mbu, au wanaanga, au uhifadhi wa misitu. Neno limekutwa mara moja, limenakiliwa katika daftari, limezikwa.

Aina moja ya maneno huumia zaidi, nayo ni ile isiyo na mwenyewe. Neno la taaluma kama “photosynthesis” lina mwalimu wake wa biolojia, lina mchoro, lina swali la mtihani. Lakini “whereas”, “hence”, “unless”, “despite”, “respectively” hayana somo. Hakuna mwalimu anayeona ni kazi yake kuyafundisha, na yenyewe ndiyo yanayobeba mantiki ya aya. Orodha ya msamiati wa kitaaluma iliyotolewa na Averil Coxhead mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, imejaa maneno ya hapa katikati, ambayo si ya mtaani wala si ya maabara. Mwanafunzi anayejua maana ya “osmosis” na asiyejua “provided that” hukosa swali akidhani amekosa biolojia.

Sanduku la vitabu

Jaribio la pekee la kurudi kwenye kanuni ya West lilifanyika kuanzia mwaka 1987, katika mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza hadi 1991. Kiini chake kilikuwa programu ya usomaji: shule za sekondari zilipelekewa seti za vitabu vyembamba vilivyopangwa kwa ngazi, kila ngazi ikiongeza maneno machache juu ya iliyotangulia. Mwanafunzi aliruhusiwa kuchukua kitabu, kukimaliza, kukirudisha, kuchukua kingine. Hakukuwa na maneno ya kupigia mstari. Hadithi za Kitanzania nazo ziliingia katika orodha za vitabu vya darasani. “Mabala the Farmer” na “Hawa the Bus Driver”, vya Richard Mabala, vilisomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Hawa ni mwanamke anayeendesha basi. Msomaji wa Tunduma, mji uliokaa juu ya barabara kuu ya Zambia na kuyajua mabasi kwa muungurumo wake, hahitaji kuelezwa mazingira yake, naye akishaijua hali, neno geni lina pa kujishikiza.

Programu ya namna hii inategemea vitu vya kawaida kabisa: kabati lenye kufuli, mwalimu wa kuandika nani kachukua nini, na vitabu vipya vya kuziba pengo la vilivyochanika. Vyote hivyo vinahitaji fedha kidogo kila mwaka, na fedha za mradi huja nyingi kwa mara moja kisha hukoma.

Kilichofuata kiliongeza idadi ya wasomaji kuliko vitabu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulileta shule za kata. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kijiji cha Momba au Ileje aliweza kwenda sekondari bila kuhama wilaya, na hilo ni badiliko kubwa lisilostahili kubezwa. Lakini wanafunzi hao waliingia kwa wingi katika madarasa ambayo nakala moja ya kitabu ilishirikiwa na wengi. Pasipo kitabu, kifungu huandikwa ubaoni. Kinachoandikwa ubaoni hakiwezi kuwa sura nzima ya kitabu. Huwa aya mbili. Kifungu kilichokuwa tayari kifupi kikazidi kufupika, na maswali yake yakabaki idadi ileile. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa wa taifa walipata daraja sifuri na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, yalikuwa na sababu nyingi. Uhaba wa walimu, mabadiliko ya upangaji wa alama na umaskini vyote vilitajwa. Ila mtihani wa masomo karibu yote uliandikwa kwa Kiingereza, na kila swali la historia au jiografia ni kifungu cha ufahamu kabla ya kuwa swali la historia au jiografia.

Matini za mpakani

Kuna upande mmoja wa Tunduma ambao muhtasari wa somo haujawahi kuutumia. Mji huu umezungukwa na Kiingereza cha maandishi kuliko miji mingi ya Tanzania ya ukubwa wake. Shehena zinazokwenda Zambia na Kongo hupita hapa kwa hati, na hati hizo ni za Kiingereza. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Reli ya TAZARA ni mali ya nchi mbili ambazo lugha yao ya pamoja ya maandishi ni hiyohiyo. Vijana wa mjini huyaita magari yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda nje “magari ya IT”, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba herufi hizo mbili ni “in transit”. Neno liko mdomoni kila siku, limekatwa mizizi. Vivyo hivyo “declare” na “levy” za sentensi iliyotajwa juu: si maneno ya mbali kwa mtoto wa wakala wa forodha au wa mama anayevusha mchele. Ni maneno ya shughuli ya nyumbani kwao, yaliyovaa nguo za shule asiyatambue.

Hati za mpakani zina sifa ambayo kifungu cha mtihani hakina, yaani kurudiarudia. Fomu ya leo ina maneno ya fomu ya jana. Mtu aliyefanya kazi katika ofisi ya uwakala kwa mwaka mmoja, hata kama aliishia darasa la saba, huyasoma maneno kama “consignee”, “destination” na “duty” bila kutafuta kamusi, kwa sababu ameyakuta mamia ya mara mahali palepale na kwa maana ileile. Akiondolewa kwenye fomu na kupewa ukurasa wa riwaya atakwama. Msamiati wake ni mwembamba. Lakini alichokipata amekipata kwa njia ileile waliyoipitia walimu wa Mwenzo, na ambayo West aliipimia hesabu.

Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeanzisha mitaala mipya, na Kiingereza kimerudi darasa la kwanza kama somo. Miaka ya kukutana na lugha itaongezeka. Vitabu vya hadithi vya kuazimwa, ambavyo vingeweza kuifanya miaka hiyo kuwa na kurasa ndani yake, vinabaki kuwa jambo la kila shule na mfuko wake, na katika shule nyingi za pembezoni kifungu cha kesho asubuhi kitaandikwa tena kwa chaki, aya mbili, maneno matano yamepigiwa mstari.